Uzoefu wangu: digrii ya uchumi chuo binafsi, na lile dirisha la ada

Nimesoma uchumi miaka mitatu kwenye chuo binafsi nikamaliza, na mtu akiniuliza kukoje huwa najikuta naanza na dirisha la ada pale uhasibu badala ya masomo. Basi na leo naanzia hapo hapo, maana bado linaniuma.

Ilikuwa mwaka wa pili, mwisho mwisho wa muhula, mitihani imeshaanza na asubuhi ile tulikuwa na ekonometriki, yaani somo la kupima mambo ya uchumi kwa takwimu. Mlangoni msimamizi anataka kadi ya mtihani, na kadi haitoki mpaka mfumo wa uhasibu uonyeshe hudaiwi. Mi nilikuwa nimelipa yaani, tena mapema, kwa mkono wangu, slipu ya benki ninayo na muhuri umegongwa mpaka wino umetokea upande wa pili wa karatasi. Mfumo unasema nadaiwa. Nikakimbia uhasibu, foleni imeshuka mpaka kwenye ngazi na karibu wote tuna shida moja, nafika dirishani zimebaki kama dakika kumi na tano mtihani uanze. Nikamwamkia yule mama, hakuitikia. Nikaipenyeza slipu kwenye kile kitundu cha kioo, akaitazama bila kuigusa, akasema "Mfumo hauoni." Nikamwambia mama, mfumo hauoni lakini benki imepokea, muhuri huu hapa, basi naomba wapigieni simu. Ndo akainua macho mara ya kwanza, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma: "Wewe si ndo unasoma uchumi? Ada yako tu inakushinda hesabu?"

Kuna watu kwenye foleni walicheka. Mi koo lilikuwa limejaa, nikashindwa hata kumjibu, na yeye akavuta pazia la dirisha akaenda chai. Mtihani ukanipita. Siku chache baadaye mfumo "ukaiona" ile hela, hamna aliyenipa hata pole, nikaambiwa nisubiri sapu, yaani mtihani wa marudio, na pale kwetu sapu hata ukipata tisini unaandikiwa C. Aisee.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba lilikuwa ndo somo nililolipenda kuliko yote. Lilifundishwa na mzee mmoja mpole, anaingia na chaki na rula ndefu ya mbao, hana slaidi. Anadonoa nukta kama ishirini ubaoni, anamwita mwanafunzi achore mstari kwa kukadiria, halafu tunapima kila nukta iko mbali kiasi gani na mstari kwenda juu au chini, tunazidisha umbali kwa wenyewe, tunajumlisha. Anaita mwingine, mstari mwingine, jumla nyingine. Baada ya watu wanne hivi ndo anasema kuna mstari mmoja tu unaotoa jumla ndogo kuliko mistari yote duniani, na leo tunautafuta. Rigresheni, yaani huko kutafuta mstari, niliielewa siku ile na mpaka leo haijatoka kichwani. Wiki nyingine akaleta mlinganyo wa mchumi Jacob Mincer wa 1974, logi (logarithm) ya mshahara upande mmoja, upande wa pili miaka ya shule, uzoefu, na uzoefu mara uzoefu kwa sababu mshahara unapanda halafu kasi inapungua, kisha akauliza: "Nani hayumo humu ndani?" Kimya. Dada mmoja nyuma akasema, familia. Mzee akafurahi jamani! Mtoto wa waliosoma anasoma miaka mingi na pia kazi anazipata kirahisi, kwa hiyo ile namba ya shule inabeba mzigo usio wake. Tangu hapo nikisikia "waliosoma hiki wanalipwa vile" nauliza nani hayumo.

Kwa hiyo kusema chuo hakifai nitakuwa nadanganya. Maikro, yaani uchumi wa mtu mmoja mmoja na kampuni, ilikuwa safi, ila anayedhani uchumi ni kuongelea bei na bajeti ajue kalkulasi itamfuata mwaka wa kwanza tu. Makro, yaani uchumi wa nchi nzima, walituharakisha vibaya, mkunjo wa Phillips wa 1958, ule unaosema ukosefu wa ajira ukipungua mishahara na bei hupanda kwa kasi, na jinsi ulivyovurugika miaka ya 1970, mfumuko wa bei na ukosefu wa ajira vikipanda pamoja, yote saa moja.

Nilitaka kuacha lakini. Baada ya lile dirisha nilikuwa nimeshaandika barua. Wanatufundisha kwamba gharama iliyokwisha kuzama, yaani ulichotumia na hakirudi tena, usiiingize kwenye uamuzi, angalia yaliyo mbele tu, basi nikakaa kitandani nikaangalia ya mbele kwa haki kabisa, na mbele kulikuwa na mwaka mmoja na kozi ya pili ya yule mzee. Nikachana barua.

Mwaka wa tatu ndo tukasoma makala ya mchumi George Akerlof ya 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika, muuzaji anaujua ubovu na mnunuzi haujui, makala ambayo majarida matatu yaliikataa kabla halijatokea la kuichapisha, na mwaka 2001 akapewa Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Nilisoma nikihisi ameandika kuhusu mimi. Siku ya kutembezwa chuo walituonyesha maktaba, maabara ya kompyuta, bustani. Dirisha hawakutuonyesha. Na huyo Spence anasema cheti ni ishara kwa mwajiri asiyekujua, sasa mi ishara yangu ni C kwenye somo nililokuwa nawafundisha wenzangu usiku, na kwenye usaili wa kwanza kabisa niliulizwa hiyo hiyo C. Nikaanza kueleza habari za slipu, nikaona macho ya anayeniuliza yameshahama kwenye karatasi nyingine.

Hapana, nikikumbuka hilo nasema msiende. Halafu namkumbuka mzee na rula yake.

Ukienda, lipa mapema, slipu toa kopi tatu, na ufuatilie mpaka uione hela kwenye mfumo kwa macho yako, wiki kadhaa kabla ya mtihani. Na ukipangiwa kwa yule mzee kaa mbele, mwandiko wake mdogo.