Aisoleta ya VHF ya mtumba kutoka Mtaa wa Rwagasore: chukueni

Kama ripita yako (redio inayopokea wimbi na kulirusha tena mbali zaidi) iko kwenye mnara mmoja na redio za watu wengine, nunua aisoleta, kifaa kinachopitisha wimbi la redio upande mmoja tu, kabla hujafikiria antena mpya.

Hii niliipata kwa muuzaji wa vifaa vya mawasiliano, Mtaa wa Rwagasore, hapa Mwanza. Ni bati zito lenye midomo mitatu: wa transmita, wa antena na wa lodi ya omu 50, yaani kizuizi cha kumeza nguvu za wimbi. Ndani kuna ferraiti (kauri yenye chuma) iliyobanwa na sumaku. Wimbi linalotoka kwa transmita linapita. Linalorudi kutoka antena linageuziwa kwenye lodi, likaishie kuwa joto.

Kabla ya hapo, manahodha wanaoleta dagaa Mwaloni walikuwa wakituita kutoka upande wa Ukerewe, wanasikia mikwaruzo na sauti za watu wasiowajua. Redio ya jirani ilikuwa inaingia kwa antena yetu, inafika hadi transista za mwisho za transmita, inachanganyika na wimbi letu na kuzaa masafa mengine kabisa. Baada ya kuifunga nikaweka mita kwenye mdomo wa lodi, transmita yetu ikiwa kimya. Jirani akibonyeza, sindano inainuka. Akiachia, inalala. Chaneli sasa ni safi.

Kwenye vipimo vyangu inakula nusu desibeli (kipimo cha nguvu inavyopungua): ukituma wati 50, zinapita karibu 45. Kinyume chake inazuia desibeli 25, zaidi ya mara 300. Muuzaji aliniacha niipime kabla ya kulipa, na hilo nampongeza sana.

Vijana wa chuo wanauliza mbona nisisubiri zile metamateria zisizo linia, yaani vitu vilivyoundwa kwa vipande vidogo na vinavyobadilika tabia wimbi likiwa kali, zinazopitisha wimbi upande mmoja bila sumaku. Nazifuatilia kwa hamu; tangu 2011 watafiti wa Australia na Uingereza wameonyesha diodi ya mawimbi ya namna hiyo. Ila zinaamua lipi lipite na lipi lizuiwe kwa ukali wa wimbi. Mwaka 2015 Yu Shi, Zongfu Yu na Shanhui Fan walieleza tatizo lenyewe: wimbi kali likishafungua njia, lile dogo linalorudi wakati huohuo halizuiwi. Mnarani ndivyo ilivyo saa zote, unatuma huku unapokea uchafu wa jirani. Kwa kazi hii, bado nashikilia sumaku.

Angalieni lodi tu. Iwe na uwezo wa wati zote za transmita, maana kebo ya antena ikikatika, nguvu zote zinarudi huko.