Ganzi ya mgongo iliyoongezewa fentanili na mofini: tathmini ya mzazi

Nilipojifungua kwa upasuaji mara ya kwanza, ganzi yangu ya mgongo ilikuwa ya bupivakaini, dawa ya kutia ganzi, peke yake. Safari hii, katika hospitali binafsi jijini Dar es Salaam, mtaalamu wa usingizi aliichanganya na fentanili na mofini kidogo, dawa kali za kutuliza maumivu, katika bomba moja, na tofauti niliyoiona ni kubwa.

Fentanili, ambayo kwa kawaida huongezwa mikrogramu 10 hadi 25, hufanya kazi mapema. Bupivakaini huzima ukali wa kisu, lakini mfuko wa uzazi unapovutwa ili ushonwe, mama anaweza kuhisi mvuto mzito wenye kichefuchefu, na katika uzazi wa kwanza mvuto huo ulinitoa machozi. Safari hii nilijua tu kwamba ninaguswa, nikaendelea kuzungumza na muuguzi aliyenishikia mtoto.

Mofini huanza taratibu, na faida yake huonekana wodini, kwa kuwa nguvu ya bupivakaini huisha baada ya saa mbili hivi, ilhali mofini ya mgongoni hutuliza maumivu kwa saa 12 hadi 24. Kipimo chake, mara nyingi mikrogramu 100 hadi 150, ni takriban sehemu moja ya mia ya ile miligramu 10 inayochomwa kwenye msuli, na ni lazima iwe isiyo na kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia dawa isiharibike. Usiku huo nilijigeuza na kunyonyesha kwa kutegemea parasetamoli na diklofenaki tu.

Kasoro ipo. Pua na mashavu yaliniwasha hadi nikadhani nimepata mzio, kwa sababu hakuna aliyenitahadharisha kabla sijatia saini fomu ya ridhaa. Nilipouliza, nilijibiwa, "Pole mama, ni ile dawa ya mgongo, itapita." Ilipita kweli, ingawa kidonge cha mzio nilichopewa hakikusaidia, jambo lisiloshangaza kwa kuwa chanzo si mzio. Lililoniudhi zaidi ni uangalizi: mofini inaweza, kwa nadra, kupunguza kasi ya kupumua saa nyingi baada ya sindano, lakini ilipofika usiku wa manane hakuna aliyekuja tena kuhesabu pumzi zangu.

Ningeichagua tena, katika wodi yenye wauguzi wa kutosha usiku. Anayekoroma sana usingizini au mwenye uzito mkubwa amweleze mtaalamu mapema, kwani huenda akahitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.