RAM ya kijani isiyo na mapambo: Kingston KVR32N22S8/8 kwenye kompyuta mpya ya mezani

Kompyuta nyingi mpya za mezani kwenye maduka ya Moi Avenue na Digo Road, Mombasa, huuzwa na GB 8 za RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta: kijiti kimoja, sloti ya pili tupu. Fungua Windows 11, kivinjari chenye tabo kumi na programu ya hesabu za duka kwa pamoja, zile GB 8 zinajaa na mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski. Hapo ndipo inapokuwa nzito. Dawa ni kijiti cha pili, na kukipachika ni kazi ya dakika kumi na tano.

Kijiti tunachokipima hapa ni cha GB 8, DDR4 (kizazi cha nne cha RAM ya aina hii), kasi ya 3200, voti 1.2. Hakina bati la kupoza wala taa. Huenda muuzaji akakupendekezea Fury Beast ya Kingston hiyo hiyo, yenye bati jeusi, kwa kuwa nayo imeandikwa 3200 na ucheleweshaji wake ni CL16, si CL22 kama hiki cha kijani; namba ndogo ndiyo bora. Kwa maandishi, Fury inashinda. Lakini kasi hiyo inaipata kupitia XMP, mpangilio wa kasi unaowashwa kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoanzisha kompyuta), kwa voti 1.35, na BIOS za kompyuta nyingi za ofisini hazina XMP. Bila XMP, Fury hiyo (KF432C16BB/8) inashuka hadi 2400, na kijiti ulichokuwa nacho kinashuka nayo, kwa sababu vijiti viwili hufuata mwendo wa kile cha polepole. Cha kijani kina 3200 ya asili. Kwa kompyuta ya ofisi au ya duka, chukua hiki bila kusita. Fury mwachie mwenye ubao mama unaoruhusu XMP.

Soma namba herufi kwa herufi kabla ya kulipa. 32 ni kasi, N ni kijiti kirefu cha kompyuta ya mezani, 22 ni ucheleweshaji, na 8 ya mwisho ni ukubwa. Ukipewa KVR32S22S8/8, S ikiwa imekaa pahali pa N, hicho ni kifupi cha laptopu na hakiingii. Nyumbani, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance kisha Memory. Pakiandikwa SODIMM, hata kompyuta yako ya mezani inatumia vile vifupi. Kasi ikisoma 4800 au zaidi, una DDR5, na DDR4 haikufai. Usikisie kwa jina la prosesa: Intel za kizazi cha 12 hadi cha 14 zimeuzwa na bao za aina zote mbili.

Faida si ukubwa tu. Kijiti kimoja cha 3200 kina upana wa kupitisha data wa GB 25.6 kwa sekunde. Viwili vinavyofanana hufika 51.2, na anayeufurahia zaidi ni mwenye kompyuta isiyo na kadi ya michoro, maana michoro yake hutumia RAM hii hii. Ukipachika GB 16 kando ya 8 kwenye mashine ya Intel, 16 za kwanza zitaenda kwa jozi na 8 zilizobaki peke yake. Si vibaya hata kidogo.

Sasa kupachika. Angalia kwanza kama duka limebandika stika ya dhamana kwenye kifuniko. Ikiwapo, omba ruhusa iandikwe kwenye risiti. Zima kompyuta kabisa, si kuilaza. Zima swichi ya ukutani, chomoa waya, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Laza kasha, fungua kifuniko, gusa chuma chake. Hewa ya Mombasa ina unyevu na umemetuli hausumbui sana, ila chumba chenye kiyoyozi kutwa nzima huwa kikavu, kwa hivyo gusa tu.

Fungua vibano vya sloti. Kwenye bao nyingine ni cha upande mmoja tu kinachofunguka. Sloti zikiwa nne, vijiti viwili vikae kwenye ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwa prosesa. Shika kijiti kwa kingo, linganisha pengo lake na kizibo cha sloti, ukandamize kwa dole gumba ncha moja, halafu nyingine, mpaka vibano vilie. Ukingo wa DDR4 umepinda kidogo makusudi, kwa hivyo usitarajie ncha zote mbili kuingia mara moja. Zinahitaji nguvu kuliko unavyodhani.

Feni ikizunguka na skrini ibaki nyeusi, au mashine ilie bip, mara nyingi ncha moja haijashuka. Zima, chomoa waya, kitoe, kirudishe. Ikikataa, jaribu kila kijiti peke yake katika kila sloti, ndipo utajua mkosaji ni nani. Kompyuta iliyokaa miaka karibu na bahari, Nyali au Bamburi, huenda ikawa na ukungu kwenye meno ya kijiti cha zamani: yasugue polepole kwa raba ya penseli, kisha yapanguse kwa alkoholi ya isopropili.

Ikiwaka, rudi Memory uone 16.0 GB na 3200. Halafu endesha MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flash usiku kucha; toleo la bure hufanya mizunguko minne. Kosa hata moja, rudisha kijiti dukani na risiti yake. Stima ikikatika katikati hakuna faili litakaloharibika, jaribio unalianza upya tu.