Antena za 9 dBi kwenye nyumba ya Ngamiani

Binti yangu anasoma Chuo Kikuu Huria, na chumba chake ni cha mwisho, kile kinachopakana na uwa. Ruta, kile kisanduku kinachorusha waifai, iko chumba cha mbele, kwa sababu waliotuvutia faiba ya intaneti waliishia hapo, na hapo ndipo nilipo mimi na meza yangu ya kutengeneza saa. Nyumba zetu za Ngamiani, hapa Tanga, mnazijua: vyumba huku, vyumba huku, ukumbi katikati, halafu uwa na jiko. Kutoka mezani kwangu mpaka kitandani kwake ni hatua 18 na kuta tatu za tofali. Waifai inamfikia kwa taabu. Basi kila jioni mtoto anatoka na kompyuta yake kufuata masomo mtandaoni, anakaa kigodani ukumbini, watu wanampita juu ya magoti. Mara mwalimu anaganda, mara anazungumza kama jini.

Nikaenda mjini kununua antena. Duka silitaji, maana nitakayosema kuhusu siku ya kwanza si ya sifa. Jozi moja Sh 24,000, zimeandikwa 9 dBi, yaani kipimo cha jinsi antena inavyokusanya mawimbi kuelekea upande fulani, ndefu kama rula na robo. Zangu za awali zilikuwa 5 dBi. Nimefika nyumbani, nimefungua za zamani, nimefunga mpya. Nati imeingia tamu kabisa, haikugoma hata kidogo. Binti anapiga kelele kutoka ndani: "Baba, umezima?"

Sikuzima. Chumbani kwake mtandao umekufa kabisa.

Hapo ndipo kazi ya saa iliponisaidia. Nikavaa lenzi yangu jichoni, nikatazama soketi ya ruta: katikati ina pini, nyembamba kama mhimili wa gurudumu la saa ya mkono. Nikatazama antena: nayo katikati ina pini. Dume kwa dume! Hesi za nje ni zile zile, ndiyo maana nati inazunguka bila ubishi, lakini ndani pini inagonga pini, na ukikaza kwa nguvu unazipinda zote mbili. Antena nilizopewa ni za ruta za laini, zile za kuvutia mnara wa simu. Hizo huwa na pini, na kichwa chake kinaitwa SMA. Za waifai kwa kawaida huwa kinyume, pini inakaa kwenye ruta na antena ina tundu, na kichwa kinaitwa RP-SMA. Kurudi dukani, kijana hakubisha. "Samahani, mzee wangu, wengi wanaokuja hapa wana ruta za laini." Sawa, mwanangu, lakini ungeuliza. Akanibadilishia kwa bei ile ile.

Sasa matokeo. Kwenye simu kuna programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm. Namba huwa hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu. Chumbani kwa binti nilikuwa napata −81. Na antena mpya, −77. Usizidharau nne hizo. Kila tatu ni kama kuzidisha nguvu mara mbili, na −81 ndipo pale pa kukatikakatika. Tena antena inasikia kama inavyosema: sauti hafifu ya simu au kompyuta inayorudi kutoka chumbani nayo inapokelewa vizuri zaidi. Chumba cha mbele sikuona tofauti yoyote, wala kasi ya kifurushi haikuongezeka. Anayekwambia antena inaongeza kasi uliyolipia, mwache aendelee na safari yake.

Halafu mke wangu, aliyekuwa amenyamaza siku zote hizo, akauliza kwa nini ruta imejificha nyuma ya kabati la kioo. Kioo cha kujitazamia kina utando wa madini nyuma yake, na madini ndiyo adui mkubwa wa mawimbi. Nikapigilia kibao ukutani juu ya mlango, ruta ikapanda huko, antena zikasimama wima. Namba ikawa −70. Kibao nilikuwa nacho stoo, misumari minne, gharama hakuna. Kama pesa yako ni ya mawazo, anzia hapo kwanza.

Shemeji yangu wa Raskazone, mwenye ghorofa, akasikia, akaazima antena zangu kwa siku mbili. Akazirudisha kanuna: chini mambo mazuri, juu kumeharibika kuliko awali. Ilibidi nimweleze kwa chapati. Antena haitengenezi nguvu mpya, donge ni lile lile. Ya dBi ndogo ni donge nene, la dBi kubwa limesukumwa, limetanda mbali lakini limekuwa jembamba. Kwa nyumba ya chini iliyolala kama yangu, hilo ndilo tunalotaka. Kwa ghorofa, mawimbi yanatambaa chini na nje ya dirisha, juu hakupati kitu.

Ufundi wake ni wa wastani. Kifundo cha kukunjia ni legelege, antena ndefu inainama yenyewe kama mlevi. Nimekikaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Antena moja ya zamani niliipasua kwa udadisi: plastiki ndefu, ndani kuna waya mwembamba na kimrija cha shaba kisichozidi kidole, kwingine kote hewa. Kwa hiyo msinunue kwa urefu. Mpya sijapasua, mke wangu kazikalia macho.

Jambo jingine ni masafa, yaani zile njia za hewani ambazo waifai hupitia. Hizi zinafanya kazi kwa GHz 2.4 na 5, lakini 5 hapa kwangu inaishia ukuta wa pili, kuta inaziogopa. Binti namuunganisha kwenye 2.4.

Huu ni mwezi wa nne tangu nizifunge. Juzi nilifungua nati kutazama, nikakuta ukijani umeanza kwenye hesi, upepo wetu wa bahari hauachi kitu. Nikapangusa kwa spiriti, nikarudisha.

Mkienda kununua, kwanza hakikisheni ruta yenu antena zake zinafunguka, maana kwenye maboksi mengi yanayokuja na faiba antena zimegandishwa humo humo. Kisha fungueni moja ya zamani muende nayo mfukoni, mwambieni muuzaji: ya waifai, yenye tundu. Na muitazame ndani kabla hamjalipa.