Dar–Unguja kwa ndege: dakika 20 angani, saa mbili kwenye benchi

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73 tu. Tuliruka na Caravan, ndege ndogo ya injini moja, saa nne na dakika kumi. Saa nne na nusu magurudumu yakagusa Unguja, pipi haijaisha mdomoni. Lakini wenye ndege walitaka tufike saa mbili kabla ya kuruka! Wakapima begi, kisha wakanipandisha mizani mimi mwenyewe, mama mzima na kanga zangu, foleni yote inasoma kilo. Mimi wa Kigamboni, nikishuka pantoni boti ya Zanzibar iko hapohapo, nayo safari yake ni kama saa mbili. Muda sikuokoa. Ila kaa dirisha la kushoto, ukione kisiwa cha Chumbe na miamba yake chini ya maji. Nitapanda tena.