Peponi kwa Kiswahili: ninachosoma sasa na ninaowashauri wakisome

Anayeniuliza siku hizi ninasoma nini humjibu neno moja tu, Peponi, na zaidi ya mmoja amedhani nimemtajia mahali ninapotarajia kwenda. Ndicho kitabu kilichoko kando ya kitanda changu kwa wiki ya tatu sasa. Ni tafsiri ya Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikaingia katika orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, kisha ikapita zaidi ya robo karne bila kupatikana katika lugha ambayo wahusika wake wengi wanaizungumza. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Mwaka uliofuata kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikaichapisha kwa Kiswahili, mfasiri akiwa Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London.

Niliisoma kwa Kiingereza miaka mingi iliyopita na nikaipenda, lakini nilibaki kama mgeni aliyekaribishwa barazani, anayesikia vicheko vya ndani na kunusa kinachopikwa huku pazia la mlango likiwa limeshushwa. Kila Khalil, mmoja wa wahusika wake, alipofungua kinywa nilijikuta nikimrudisha kichwani mwangu kwenye Kiswahili cha pwani, kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba utani wake na matusi yake yalitoka huko kabla ya kuvishwa Kiingereza. Safari hii sikulazimika kufanya kazi hiyo, na kitabu nilichodhani ninakijua kimeniumiza upya.

Mhusika mkuu, Yusuf, ana umri wa miaka 12 na anaishi Kawa, mji mdogo uliochangamka wakati Wajerumani walipokuwa wakijenga reli na ukadorora baadaye. Mara kwa mara nyumba yao hutembelewa na Aziz, mfanyabiashara tajiri anayenukia manukato, ambaye mtoto anaamini ni ndugu wa damu na ambaye kila akiondoka humwachia sarafu. Siku moja Yusuf anapandishwa garimoshi pamoja naye, na ni katika duka la Aziz huko pwani ndipo Khalil, kijana aliyemtangulia katika hali hiyohiyo, anapomfungulia macho: yule si ndugu yake, na yeye ameletwa pale kuwa rehani ya deni la baba yake. Katika toleo la Kiingereza Gurnah aliliacha neno hilo, rehani, kama lilivyo, na msomaji wa huko alilipokea kama neno geni la kufafanuliwa. Kwetu sisi ni neno la shamba, la nyumba, la bangili za harusi zilizopelekwa kwa mkopeshaji. Kulikuta limewekwa juu ya mtoto, tena na Khalil anayelisema kana kwamba anataja bei ya sukari, kulinifanya nifunge kitabu kwa muda.

Kwa kuwa shangazi yangu macho yamemchoka, nimekuwa nikimsomea kwa sauti baada ya Magharibi. Hakuwahi kusoma Kiingereza, kwa hiyo kwa miaka yote hiyo riwaya hii, inayowahusu watu anaowafahamu kuliko ninavyowafahamu mimi, ilikuwa imefungwa mbele yake. Tulipofika pale bibi wa nyumba ya Aziz, aliyejificha ndani kwa sababu ya alama iliyo usoni mwake, anapoanza kumwita Yusuf amsomee dua, shangazi alinizuia kwa mkono. "Mwanangu, hiki si kisa cha Nabii Yusuf na Zulekha?" Nami katika usomaji wangu wa kwanza nilihitaji makala ya mhakiki ili kuliona hilo. Tangu jioni ile nimeacha kumfafanulia mambo. Yeye ndiye anayenifafanulia, hasa kuhusu bustani ya Aziz yenye mifereji minne, na kuhusu Mzee Hamdani anayeitunza, mtumwa aliyekataa uhuru alipopewa.

Sehemu ya safari ya bara ndiyo itakayowagawanya wasomaji. Msafara wa Aziz unaondoka pwani na bidhaa, wapagazi na mnyapara wake Mohammed Abdalla, unapita maradhi, hongo na udanganyifu, hadi kwa mtawala Chatu anayewapokonya wafanyabiashara mali yao. Kurasa ni nyingi na mwendo ni wa polepole, jambo ambalo mimi sikulichukia, kwa sababu Gurnah anaturudisha kwenye hadithi za safari zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe mwishoni mwa karne ya 19. Lakini katika msafara ule watu wa bara huitwa washenzi, na neno hilo kwa Kiswahili linachoma kuliko tafsiri yake yoyote. Msomaji wa Tabora au Kigoma ana haki ya kukunja uso. Ninachomwomba ni kuendelea mbele, kwani Chatu anapoeleza kwa nini hawaamini wageni hao na biashara yao, maneno yake ndiyo yenye uzito zaidi katika kitabu kizima, na wafanyabiashara waliojiita waungwana hawana jibu la maana.

Mabishano kati ya Hamid, mwenye duka katika mji wa milimani, na Kalasinga, Singasinga anayetangaza kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili, yanafaa kusomwa kwa sauti kuliko sehemu nyingine yoyote. Shangazi alicheka hadi akaomba maji.

Kasoro ninayoiona ni ya riwaya yenyewe: Amina, msichana anayeishi nyumbani kwa Aziz, anafika mwishoni, anasema maneno machache yenye kutikisa, kisha hapewi nafasi iliyomstahili. Mfasiri asingeweza kulirekebisha hilo. Aliyekulia mbali na pwani aweke kamusi karibu, ingawa maana nyingi zitamjia kwa muktadha.

Ningempendekezea kitabu hiki kwanza mtu mwenye mzazi au bibi wa kumsomea. Wa pili ni mwalimu wa fasihi ya Kiswahili, ambaye sasa anaweza kukiweka kando ya Kuli ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979, akawaonyesha wanafunzi watu wa pwani hiyohiyo, wafanyakazi wa bandari ya Unguja, wakiukataa unyonge kwa mgomo mahali ambapo Yusuf hana wa kugoma naye. Anayependa zaidi mapenzi na siasa aanze na Vuta N'kuvute ya mwandishi huyohuyo, ndipo arudi huku. Anayesoma Kiingereza bila shida, akimaliza Peponi, achukue Afterlives ya mwaka 2020, inayowafuata watu walioingia katika jeshi la Wajerumani katika miaka ambayo Yusuf tunamwacha. Anayetaka shujaa anayeshinda simshauri hata kidogo.

Nakala yangu niliinunua katika duka la vitabu la TPH, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, na simwazimi mtu, kwa sababu vitabu vyangu vya kuazima vina tabia ya kuhamia moja kwa moja. Hata ningetaka kuiazima nisingeweza kwa sasa: tumefika pale msafara uliporudi pwani, Yusuf amesimama tena mlangoni mwa bustani, na shangazi amekichukua kitabu akakiweka chini ya mto wake ili nisisome mbele bila yeye.