Canon 6D au Nikon D750: kamera ipi ya mtumba kwa picha za usiku?

Zote mbili zina kihisi cha mwanga kikubwa, milimita 36 kwa 24, na zote zimekula chumvi: 6D ilitoka 2012, D750 ikafuata 2014. Kwa kawaida 6D ndiyo nafuu.

Kwa starehe ya kazi, D750 iko mbele. Skrini yake inainuka, hivyo ukielekeza lenzi juu kwenye nyota za Kilimia hulazimiki kupiga magoti mchangani na shingo imepinda. Ina pia kipima muda cha ndani cha kupiga picha mfululizo. 6D inataka rimoti ya pembeni, kitu kingine cha kusahau nyumbani.

Lakini mwenye pesa kidogo achukue Canon, sababu ni lenzi. Lenzi kuukuu zinazofungwa kwa skrubu ya aina iitwayo M42, kama Takumar, hukaa kwenye 6D kwa adapta ya pete tupu, isiyo na lenzi ndani, na bado hufokasi hadi kwenye nyota. Kwenye Nikon lenzi hizo hukaa mbali kidogo na kihisi. Bila adapta yenye lenzi ndogo ndani, nyota zinabaki mapovu. Angalia tu: baadhi ya lenzi hizo, zikiwa kwenye 6D, mkia wake hugonga kioo cha ndani ya kamera.

Yoyote utakayochagua, dukani funika lenzi, weka ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 3200, piga sekunde 30. Kuza picha. Vidoti vichache vyekundu au bluu si neno. Vikijaa kama upele, rudisha kamera mezani.